Kamera Nyuma ya Bodaboda

Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha sita, anakimbia vizuri, na amesikia kwamba vyuo vya Marekani vinawasomesha bure wenye miguu. Maelekezo kayapata kwenye video ya Mmarekani mmoja anayewafunza vijana wa besiboli kujitangaza kwa makocha: anza na jina na kimo, onyesha unavyorusha na unavyopiga, usirefushe. Besiboli Dar es Salaam ipo, hata uwanja wake uko Shule ya Sekondari Azania. Hapa Babati ukionekana na gongo begani, watu wanajua unakwenda kuswaga ng'ombe.

"Mjomba, sisi tutaweka mbio tu," akasema. Nikateuliwa mpiga picha kwa kuwa kioo cha simu yangu hakijapasuka.

Alfajiri tukashika barabara ya Bonga, mimi nyuma ya bodaboda, nimekaa kinyumenyume. Dereva tulimwambia aende taratibu. Taratibu ya bodaboda! Ukitazama kipande cha kwanza unamwona kijana mwenye afya akipungua, akipungua, mpaka anakuwa nukta. Cha pili kina mkia wa ng'ombe. Cha tatu kilikuwa kinakwenda vizuri sana, ila dereva akasimama kupatana bei na mama wa viroba viwili vya mahindi, na sauti yote imeingia: "Elfu mbili, mama, mafuta yamepanda."

Cha nne ndicho kilichotuletea ugomvi nyumbani. Kijana anatiririka, mkono umekaa, Mlima Kwaraa uko nyuma yake. Mara anatokea mtoto wa shule ya msingi aliyechelewa namba, fagio kwapani, dumu la maji mkononi, miguuni malapa. Akampita. Wala hakugeuka.

"Hicho tukate," akasema mpwa wangu.

"Tukikata, kinabaki nini?"

Tukatuma hivyohivyo.

Kocha mmoja alijibu, tena kwa adabu: ahsante, ila mkimbiaji hahitaji video, nitumie muda wako wa mita 5,000 na 10,000 uwanjani. Nikaona ana haki. Mpiga besiboli lazima aonekane mkono wake. Mkimbiaji anasemewa na saa. Suleiman Nyambui alichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akikimbilia chuo cha El Paso, Texas, na hakuna mjomba aliyening'inia kwenye pikipiki. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, akaenda mji huohuo mwaka 2005 akarudi bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Edmonton sasa ningeiombea iwe kata ya Manyara.

Jana jioni mpwa kabisha hodi.

"Shikamoo mjomba. Simu yako inapima muda?"

"Marahaba. Inapima. Unataka kukimbia lini?"

"Kesho. Ila twende mapema, kabla watoto wa shule hawajatoka."