Inchi 11 Tu, Mzee Wangu

Ukitaka kujua cheo chako halisi mbele ya mfanyabiashara wa Kariakoo, usihesabu siku uliyonunua. Siku ya kununua kila mtu ni bosi, hata aliyepita kuuliza bei tu. Cheo cha kweli hupatikana siku ya kurudisha.

Mimi nilikuwa bosi kwa muda wa kama saa moja, katika duka moja la vifaa vya umeme lisilo mbali na Mtaa wa Uhuru. Nilivutiwa kiti, nikaletewa maji ya baridi, na kijana aliyevaa jezi nyekundu akaniwashia TV ya inchi 43 iliyokuwa ikionyesha kasuku wa rangi zote akila papai. "Smart hii, bosi. Waranti miaka miwili. Wallahi haiharibiki. Na ikiharibika unaleta, tunakubadilishia papo hapo, hatuna maneno." Nikalipa laki sita na nusu, nikapewa risiti ya mashine na kadi ya waranti iliyogongwa mhuri. Boksi alilibeba yeye mwenyewe hadi kwenye bajaji, akanipungia mkono kama mtu anayemsindikiza mjomba wake Hija.

Vyombo vya umeme vina tabia moja mbaya: haviharibiki wakati wa hotuba. TV yetu ilivumilia mwaka mzima na ushee, ikavumilia tamthilia za Kituruki, katuni na bajeti ya serikali iliyosomwa mwanzo hadi mwisho. Ikaja kukata roho siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, sebule imejaa majirani na viatu vimefurika kibarazani. Kipindi cha pili kimeanza tu, kioo kikawa cheusi tii. Sauti ipo. Mtangazaji anapayuka, uwanja unanguruma, sisi tunatazama giza.

Kati ya majirani alikuwepo fundi redio, aliyekuja kutazama mpira na si kutafuta kazi. Alisogea taratibu, akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye kioo kwa karibu sana. Ndani ya kiduara cha mwanga akaonekana kipa, mzima wa afya, anapanga ukuta wa mabeki.

"Picha ipo," akasema fundi. "Zilizokufa ni taa." Akatueleza kuwa kioo cha TV hizi hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna safu za taa ndogo za LED zinazokimulika, na mara nyingi taa hizo zimeungwa kwa kufuatana, kiasi kwamba moja ikikata, wenzake wote wanalala nayo. Nikamwomba aifungue. Akanionyesha stika ndogo juu ya skrubu mgongoni: ikibanduliwa, waranti imekwisha. Akarudi kukaa.

Mechi haikungoja. Mwanangu wa mwisho akakabidhiwa tochi na kazi ya kuufuata mpira. Mtoto yule mpira haumhusu. Yeye alimpenda mwamuzi, kwa kuwa ana filimbi na kila mtu anamwogopa. Akamfuata mwamuzi uwanja mzima. Bao likafungwa upande usiomulikwa, na mpaka leo mtaani kwetu wapo wanaobisha kwamba lilikuwa la kuotea, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeliona.

Jumatatu nikairudisha TV dukani. Kijana alikuwepo, na jezi ni ile ile, ila ubosi wangu haukuwepo. Nilikuwa "mzee". Kiti nacho kilikuwa kimekaliwa na bosi mwingine. Juu ya kaunta, mahali ambapo siku ya kununua sikuwa na sababu ya kutazama, palibandikwa karatasi: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia kijana kwamba sikuja kurudisha mali, nimekuja kudai ahadi. Akaitazama TV, akanitazama mimi, akatoa hukumu kabla hata ya kuichomeka.

"Mzee, huu ni umeme. Umeme wa kwenu unacheza, waranti haihusiki."

"Kama ni umeme, mbona friji, pasi na feni vyote ni vizima?"

"Basi ni mende. Mende wanaingia ndani, wanakojolea bodi."

"Fungua tumtafute huyo mende."

Akageuza kadi ya waranti, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo ya upande wa nyuma. Kweli, orodha ilikuwepo: umeme usio wa kawaida, maji, wadudu, panya, radi, na mwishoni kabisa, matukio ya kudra ya Mwenyezi Mungu.

"Unaona, mzee wangu? Inawezekana kabisa hii ni kazi ya Mungu."

Nikamkumbusha kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyemwapia siku ananiuzia. Mteja mmoja akacheka. Kijana akachukia, akamwita fundi wao wa stoo. Fundi akaja na simu, akamulika kioo, akamwona msomaji wa habari amekaa gizani anaendelea na kazi yake. Akasema neno moja tu, "Taa," akaondoka. Alikuwa mtu mwaminifu yule, na nadhani ndiyo sababu wamemweka stoo.

Ikathibitika basi kwamba ubovu ni wa TV na waranti haijaisha. Msomaji anaweza kudhani mambo yakaishia hapo. Ndiyo kwanza yalianza.

"Haina shida, mzee wangu, tunakubadilishia," kijana akasema, uso umekunjuka. Akaingia ndani, akatoka na boksi alilolibeba kwa mkono mmoja. Huo mkono mmoja ndio ulionishtua. TV yangu ilibebwa kwa mikono miwili na dua.

"Hii ni inchi 32."

"Modeli yako haiji tena, mzee. Hii ni mpya kabisa, ina boksi lake."

"Ni smart?"

"Ina sehemu ya kuchomeka flashi."

"Bei yake?"

Akakohoa. Bei ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa boksi: laki mbili na themanini. Akaligeuza boksi. "Mzee, tusiangalie bei, tuangalie ubinadamu. Tofauti ni inchi 11 tu! Inchi 11 haifiki hata rula ya mwanafunzi."

Alikuwa na mibadala mingine mfukoni. Kwanza, niongeze laki moja na nusu nipewe ya inchi 43 ya sasa, kwa sababu dola imepanda. Yaani TV imeharibikia mikononi mwangu ndani ya muda wa dhamana yao, na dola ije initoze mimi. Pili, nichukue ile ya kasuku, iliyokuwa ikiwashwa dukani kutwa kucha kuwavuta wateja, ambayo kona yake moja tayari ilikuwa na weusi. Tatu, nisubiri kontena. Kontena liko bandarini. Lilikuwa bandarini siku hiyo, likawa bandarini kila nilipopiga simu, na kadiri ninavyojua mimi, bado lipo bandarini na limeanza kuota mizizi.

Nilirudi siku ambayo mwenye duka alikuwepo: mama mmoja mtulivu, kikokotoo mbele, miwani puani, anahesabu noti bila kuzitazama. Nilikwenda na binti yangu wa kidato cha pili, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani hapakuwa na TV ya kumshikilia.

"Shikamoo mama," binti akaanza.

"Marahaba mwanangu. Baba, tusigombane. Vijana wangu wamekupa TV mpya, wewe unataka nini tena?"

"Nataka niliyonunua, mama. Au inayolingana nayo."

"Tofauti ni inchi 11 tu, baba yangu."

Hapo binti yangu akaomba kikokotoo. Akaeleza, kwa sauti ile ya kujibu swali mbele ya darasa, kwamba inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kwa hiyo ukitaka kulinganisha ukubwa wa picha unazidisha namba ya kila TV kwa yenyewe. 43 mara 43 ni 1,849. 32 mara 32 ni 1,024. Akagawa, akamgeuzia mama kikokotoo chake mwenyewe.

"Sifuri nukta hamsini na tano. Mnampa baba nusu na kidogo tu ya picha aliyoilipia."

"Sisi hapa hatuuzi eneo, mwanangu," kijana wa jezi akadakia. "Eneo nenda Kigamboni ukanunue kiwanja."

Ilikuwa hoja nzuri, na watu wakacheka. Tatizo lake ni kwamba kati ya waliocheka alikuwemo bosi wa siku hiyo, aliyekuwa amekwishatoa pochi kununua TV. Akaacha kucheka. Akauliza, "Kwani na mimi nikileta ikiwa mbovu mtanipa nusu?" Pochi ikarudi mfukoni, na yule mama kwa mara ya kwanza akaacha kuhesabu noti.

Nikaona nafasi, nikasema yangu kwa upole. Nikamwambia kwamba ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja kuhusu dhamana na haki zake, na Tume ya Ushindani ina ofisi jiji hili hili. Nikamaliza kwa ombi dogo: aniandikie kwenye karatasi ya duka kwamba mteja alinunua TV ya inchi 43, ikaharibika ndani ya waranti, na duka limeamua kumpa ya inchi 32 bila kumrudishia tofauti ya bei. Asaini, agonge mhuri, niondoke zangu.

Sijawahi kuona kalamu ikiogopwa hivyo. Kijana alimtazama mama, mama akaitazama karatasi, karatasi ikabaki nyeupe. Maneno waliyoyasema kwa mdomo mchana kutwa hayakuwa na mtu wa kuyaandika.

"Risiti yako inasema nini?" mama akauliza, akitafuta mlango wa nyuma. Risiti, kwa uzito wake wote, ilisema "TV" basi, kiasi kwamba hata ya kuchezea mtoto ingetosha. Lakini kadi ya waranti ilikuwa na namba ya modeli, ndani yake 43 imesimama wazi, na mhuri wao juu yake.

Mama akavua miwani. "Mpe inchi 43 ya kampuni ile nyingine. Smart. Mpya. Na huyu kaka aliyetaka kununua mvutie kiti."

Niliiwasha pale pale dukani, nikaikagua kona zote nne. Vita vya mwisho vikawa vya kadi. Kijana alitaka nitumie ile ya zamani, yenye jina la TV ambayo sikuwa nayo tena. Nikakataa mpaka akaandika kadi mpya yenye namba ya TV mpya. Tarehe, hata hivyo, akaandika ile ya ununuzi wa kwanza, akagoma katakata kuisogeza hata siku moja. Hapo walinishinda, na nakiri walipigana vizuri. Kutoka mlangoni aliniita "kamanda". Sikujua ni kupanda cheo au kushuka.

Sasa ndugu msomaji, mamlaka ya kodi imetufundisha miaka mingi kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi naongeza ya kwangu. Hakikisha risiti au kadi inataja modeli na namba ya chombo, wala si neno "TV" tupu. Itolee kopi siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi za mashine hizi huchapwa kwa joto na maandishi hufifia yenyewe kabla ya waranti kwisha. Usiilaminishe: jirani yangu alijaribu, joto la mashine likaigeuza nyeusi yote, akabaki na kipande cha plastiki kinachomeremeta kisichothibitisha lolote. Ukipewa mbadala, linganisha bei na modeli, wala usilinganishe boksi na boksi. Na maneno yote ya mdomo yaombe kwa maandishi, uone yatakavyopungua.

Waranti si sadaka ya muuzaji. Uliinunua, ilikuwa ndani ya ile bei uliyolipa ukiwa bado bosi. Kitu pungufu kikatae ukiwa umesimama dukani na wateja wengine wanasikia, maana ukishapanda nacho bajaji, watasema umekubali.