Simu Isiyojua Mpaka

Watu waliojaaliwa kukaa katikati ya nchi, Dodoma au Tabora, ambako mtu aweza kwenda kwa miguu mchana kutwa asitoke katika dola yake, hudhani kwamba kuchagua simu ni kazi ya macho na mfuko: hutazamwa upana wa kioo, huulizwa kama chaji inafika jioni, hujaribiwa kamera kama yaweza kumpendezesha mtu kupita alivyoumbwa, kisha bei ikakatwa na kila mmoja akashika njia yake. Sisi wakazi wa Tunduma tuna sharti linalotangulia hayo yote, nalo ni kwamba simu yenyewe, ikiwa mfukoni au chini ya mto, iwe na yakini kuwa imo Tanzania.

Sharti hili si la mzaha. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni miji miwili katika ramani na mji mmoja kwa miguu. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lusaka inapita hapa, reli ya TAZARA inapita, bomba la mafuta la TAZAMA linapita, na Wanyamwanga walikuwapo pande zote mbili kabla Wajerumani na Waingereza hawajakubaliana mahali pa kuwakata. Tangu mwaka 2019 hata forodha imekuwa ya pamoja, msafiri akihudumiwa na maofisa wa dola mbili katika kituo kimoja. Kilichoshindikana kuunganishwa ni saa. Wenzetu wanafuata saa ya Afrika ya Kati, iliyo nyuma ya yetu kwa saa nzima, hata ikawa mtu anayevuka saa mbili asubuhi hufika saa moja, akapata faida asiyoitolea jasho, na jioni akirejea hunyang'anywa ile ile pasipo kupewa risiti. Na tukitaka insafu, jua lenyewe liko upande wa Nakonde: saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudi ya 45, ambayo hupita huko Somalia karibu na Mogadishu, ilhali ya Zambia imepimwa kwa longitudi ya 30, ipitayo karibu na Kigali, na Tunduma imekaa kwenye 32 na ushei. Hoja hii sijapata kuitoa mbele ya ofisa yeyote wa serikali, na hata hapa naitoa kwa sauti ya chini.

Mnara wa simu haujui forodha. Simu ikivutwa na mnara wa ng'ambo hupokea ujumbe wa kuikaribisha Zambia, ikaanza kula salio kwa gharama za mgeni, na ikiwa ni ya tabia ya kujipangia saa yenyewe hujirudisha nyuma, hali bwana wake amelala fofofo mtaani Majengo, huku Tunduma, na hajavuka hata mfereji.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani niliyeletwa huku na uhamisho wa kazi, nikafundisha Mbozi hadi chaki zikanimaliza vidole, kisha nikajenga Tunduma. Kuhama, kwa hiyo, si jambo geni kwangu, wala si geni kwa majirani zangu, kwani mwaka 2016 sote tulihama mkoa bila kubadili nyumba: tulilala Mbeya tukaamka Songwe. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Mamlaka ya Mawasiliano ilipofungua mlango wa mtu kuhama mtandao bila kubadili namba, wengine nchini walistaajabu. Sisi tuliona ni kawaida ya serikali. Katika mkoa huu najua kitu kimoja tu kisichoweza kuombwa kuhama, nacho ni kile kimondo cha Ndolezi, ambacho uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16.

Hata hivyo nilikaa miaka na kampuni yangu ya zamani, ambayo jina lake nalisitiri kwa kuwa tuliachana kwa wema. Kilichonisukuma ni mparachichi. Ndani ya nyumba yangu mtandao wao ulikuwa haukamati, ila uani, chini ya mparachichi, na hapo si kwa aliyesimama chini bali kwa aliyepanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Na kwa kuwa aliye juu ya kinu hawezi kunong'ona, mambo yangu yote ya faragha yalikuwa mali ya mtaa. Siku niliyozungumza na binti yangu juu ya mahari yake, nilishuka kwenye kinu nikamkuta mama wa nyumba ya pili ameegemea ua, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo waliyotaja ni ndogo. Usikubali." Hapo nikaona wakati wa kuhama umewadia.

Sasa kwa wakala wa kampuni mpya nikaelezwa kwamba kuhama peke yangu hakutoshi, maana simu niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, haipokei mawimbi ya 4G, na ukihamisha namba ukaiacha katika simu ile utakuwa umehama jina tu. "Mwalimu, hama na simu," akasema yule binti wakala. Nikaenda nyumbani kutaka shauri, na hilo ndilo lililozaa taabu, kwa sababu katika nchi yetu mtu akitaka kuoa hupata washauri watatu, lakini akitaka kununua simu hupata ukoo.

Shemeji yangu, ambaye Juni 2016, Mamlaka ilipozizima simu bandia usiku wa manane, aliamka na simu tatu zilizokufa kwa mpigo, alinisihi nisinunue kitu chochote kabla sijabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, nikaona namba kumi na tano za utambulisho wake. Usia huu ulikuwa wa maana, na ndio pekee nilioufuata. Kijana wa dada yangu, aishiye Marekani, alisikia habari na hakutaka mjadala: akaniletea kwa mkono wa msafiri iPhone iliyotumika, nzito, yenye kung'aa, ndani ya kisanduku ambacho peke yake kilikuwa kizuri kuliko samani zangu.

Mke wangu alitandika kitambaa mezani tukakaa kuitia laini. Tulizunguka pembe zake zote kwa pini. Tulitafuta kile kitobo ambacho kila simu inacho, tukamwita kijana wa jirani mwenye macho makali, naye akakitafuta kwa tochi. Tukadhani kimezibwa na vumbi, tukapuliza. Hatimaye fundi wa simu wa pale stendi akatutoa katika ujinga huo kwa upole: iPhone zinazouzwa Marekani, tangu toleo la 14 la mwaka 2022, hazina tundu la laini kabisa, laini yake haishikiki kwa mkono, huandikwa ndani kwa intaneti. Isitoshe, ile yangu ilikuwa bado imefungwa na mtandao wa huko ilikotoka. Kwa hiyo nilikuwa nimezawadiwa simu ambayo haina mlango, na ndani yake amekaa mtu mwingine. Mke wangu aliichukua, akaipangusa, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na hadi leo wageni huonyeshwa.

Nikarudi kwenye maduka ya simu, yale yaliyojipanga barabarani ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo husimama foleni na madereva wakashuka kuuliza bei za chaja. Hapo nilikuta vijana wawili, meza zao zikitazamana, mmoja akiuza Tecno na mwenziwe Infinix, na ugomvi wao ulikuwa wa kiitikadi. "Mzee wangu shikamoo, hii ndiyo mashine," alisema wa kwanza, akiigeuza simu ili jua liipige mgongoni. "Ile ya huyu ni kioo tu, ndani hamna kitu." Wa pili akacheka kicheko cha dharau, akaapa kwa marehemu bibi yake kwamba Tecno ni simu za wazee, kisha akaikumbuka sura yangu akaomba radhi. Niliwasikiliza kwa taadhima wakishindana kamera, chaji, ujazo, na hata harufu ya kava. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Tecno na Infinix, pamoja na itel, ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya Transsion ya huko Shenzhen, China, na kwamba faida ya yeyote atakayenishawishi itaishia katika nyumba ile ile, nikawaambia. Walinyamaza kidogo, wakatazamana kama ndugu waliogawanywa na mama wa kambo, halafu yule wa Infinix akasema, "Sawa mzee, lakini mimi ndiye mtoto mzuri." Nilinunua kwa yule mwingine, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuchoka, na kwa sababu simu yake ilikuwa na nafasi mbili za laini.

Nafasi mbili hizo ndizo fahamu ya mtu wa mpakani. Anayehama mtandao Arusha hubeba laini moja akaona amemaliza. Hapa mfanyabiashara wa mchele huwa na laini ya nyumbani na laini ya Zambia, na anayenunua mahindi ng'ambo huwa na nyingine ya kutumiwa fedha, hata simu ya laini mbili ikawa imemtosha nusu tu.

Nikarudi kwa yule binti wakala na simu mpya na namba yangu ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Yeye akatoa kile kidude cha kusoma alama za vidole, akanishika kidole gumba akakibandika. Kikakataa. Akanipangusa kwa kitambaa, kikakataa. Akanijaribu cha shahada, akanipaka mafuta kidogo ya mgando aliyoyatoa mkobani mwake, akanikalisha juani ili ngozi ilainike, na foleni nyuma yangu ikaanza kutoa maoni. "Baba, ulikuwa unafanya kazi gani?" akaniuliza. Nikamwambia, chaki. "Chaki imekula mistari yote," akasema kwa huruma ya daktari, na hapo nikatambua kwamba kwa mujibu wa kidude kile, baada ya utumishi wote ule wa umma, mimi sikuwapo. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakikupata kushika chaki, ndicho kilichonishuhudia.

Nikatuma ule ujumbe wa neno moja, HAMA, na baadaye laini ya zamani ikazima. Nitasema kwa ufupi yaliyofuata, maana kila aliyehama anayajua: salio la maongezi halihami pamoja na namba, wala fedha zilizomo katika akaunti ya simu, kwa hiyo atakaye kuhama na azitoe kwanza, na watu wote waliozoea kuijua kampuni ya mtu kwa tarakimu za mwanzo za namba yake watakuwa wanakosea kwa muda mrefu. Mweka hazina wa kikundi chetu cha kuzikana alinitumia fedha zikarudi, akatuma zikarudi, akatangaza kwenye kikao kwamba huenda nimefariki na kikundi kitafute namna ya kunizika kwa fedha zangu mwenyewe.

Lakini msiba wenyewe ulikuwa wa saa. Nilikuwa na miadi na daktari wa macho Mbeya, na basi lilikuwa la saa kumi na moja alfajiri. Nikaitega simu mpya iniamshe saa kumi. Usiku, mnara wa Nakonde ukaibembeleza simu yangu, nayo, kwa kuwa ni changa na haijafunzwa, ikakubali. Iliponiamsha, nje palikuwa bado giza. Nilioga kwa nafasi, nikanywa chai, nikatembea hadi stendi kwa madaha ya mtu aliyewahi, nikamkuta mkata tiketi anafagia kibanda.

"Gari la Mbeya?" nikauliza.

"Limeondoka, mzee."

Nikamwonyesha simu: saa kumi na dakika arobaini. Akaitazama, akanitazama, akauliza swali ambalo kwetu huulizwa kila siku, "Hiyo saa ya wapi?" Na kabla sijajibu akaongeza, "Basi nenda Nakonde, huko bado halijaondoka."

Nyumbani nilimkuta mke wangu jikoni na kitochi chake, simu ya vitufe yenye tochi, ambayo saa yake aliipanga kwa mkono wake siku ile ile tulipoinunua, na ambayo tangu hapo haijakubali kufundishwa wakati na mnara wowote. Kilikuwa sahihi. Hakusema neno; alikiweka mezani kando ya simu yangu, kimoja kikisoma saa kumi na mbili kasoro, kingine saa kumi na moja kasoro, akaendelea kukaanga maandazi.

Tangu siku hiyo nimefanya yale ambayo fundi wa stendi alinielekeza bila malipo: nimezima kujipanga kwa saa, nimefunga matumizi ya data nje ya nchi, na mtandao nauchagua mwenyewe kwa kidole, kile cha pete. Simu imetulia. Nami nina ombi kwa wauza simu wote wa Tunduma, wa meza na wa maduka ya vioo: kabla hamjampa mteja kava la bure na kumsifia kamera, fungueni mipangilio mbele ya macho yake, mfanye mambo hayo matatu, hususan akiwa mgeni au mzee. Hayachukui dakika tano, za saa ya upande wowote.