Jinsi ya Kusoma Saikolojia ya Kazi Bila Kumsahau Kibarua

Hatua ya 1: Anza na shangazi

Siku utakapotangaza nyumbani kwamba umepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya kazi na mashirika, shangazi atapiga kigelegele, kisha atauliza: "Kwa hiyo mwanangu, utakuwa unasoma mawazo ya watu?" Usimpe mhadhara. Kaa naye jamvini, umuulize kwa nini aliiacha kazi ya jikoni hotelini, yenye mshahara wa kila mwezi, akaenda kukaanga samaki wake mwenyewe sokoni. Atakujibu: "Kule hata chumvi nilikuwa naongeza kwa ruhusa." Yaandike maneno hayo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Utayahitaji.

Hatua ya 2: Funga mzigo

Fani hii husomwa pengi. Tuseme umepata ufadhili wa Erasmus Mundus, katika shahada ya pamoja inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, ikivihusisha pia vyuo vya Barcelona, Bologna na Coimbra. Ni miaka 2 ya kuhama chuo hadi chuo, kufanya mazoezi kazini na kuandika tasnifu. Beba sweta. Beba na neno moja la kwetu: *kibarua*. Limezaliwa na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kuwa ushahidi wa siku yake. Siku zikapita, jina la karatasi likawa jina la mtu. Utakapokaa mbele ya kompyuta yenye safu mia nne za majibu ya hojaji, neno hilo likukumbushe kwamba kila safu ni mtu aliyeacha shughuli zake akakujibu.

Hatua ya 3: Wasalimie wazee wa fani, kisha uwahoji

Utaanza na Frederick Taylor, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1911 kitabu kuhusu usimamizi wa kisayansi. Humo anasimulia habari za mpakiaji wa chuma anayemwita Schmidt. Baada ya kupangiwa lini abebe na lini apumzike, anasema Taylor, Schmidt alipanda kutoka tani 12.5 kwa siku hadi tani 47, na ujira wake ukatoka dola 1.15 hadi 1.85. Mpelekee shangazi hesabu hiyo. Kabla hujamaliza maji ya kunywa atakuwa ameshaona kwamba mzigo umekaribia kuwa mara nne na ujira haujafika hata mara mbili. Kisha mwambie kwamba mtu huyo hakuitwa Schmidt. Jina lake lilikuwa Henry Noll.

Ukitoka hapo utafika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako watafiti walianza mwaka 1924 kupima kama mwanga unaongeza kazi. Utafundishwa kwamba wafanyakazi walizidisha bidii kwa sababu tu waliangaliwa na kujaliwa. Lipokee hilo kwa mkono mmoja, maana waliozipitia takwimu zile upya miongo mingi baadaye waliona hazibebi uzito wote uliowekwa juu yake. Kwa mkono wa pili shika jambo lisilotajwa sana darasani: katika chumba cha majaribio cha wasichana wachache waliounganisha vifaa vya simu, wawili waliondolewa mwanzoni mwa 1928. Walilaumiwa kwa kuzungumza mno na kutoshirikiana, na nafasi zao wakapewa wengine. Katika maandishi ya utafiti wanaitwa 1A na 2A.

Ile piramidi ya mahitaji ya Maslow, inayobandikwa kwenye kila semina, usiihangaikie. Makala yake ya 1943 haina piramidi.

Hatua ya 4: Kaa muda mrefu Marienthal

Hapa usipite mbio. Marienthal ni kijiji cha viwanda karibu na Vienna, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokilisha kijiji kizima kilifungwa, na familia nyingi zikabaki bila kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 timu ya vijana, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, ikaenda kujua kukosa kazi kunamfanya nini mtu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933.

Walihesabu vitu ambavyo hakuna aliyefikiri kuvihesabu. Walikaa dirishani wakapima mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanakwenda polepole na kusimama mara kwa mara, kana kwamba hakuna pa kufika. Walifungua daftari la maktaba ya wafanyakazi wakakuta vitabu vinavyoazimwa vimepungua, ingawa sasa watu walikuwa na siku nzima ya kusoma. Mtu aliyezoea kulalamika kwamba kazi inammalizia muda, alipopewa muda wote alishindwa kuushika. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni mwaka mzima na vyeti vyake ndani ya bahasha anaijua hali hiyo bila kufika Austria.

Jambo ninalotaka ulibebe kutoka huko ni sharti walilojiwekea: asiwepo mtafiti wa kuja kutazama tu. Kila mmoja awe na kazi yenye manufaa kwa kijiji. Walikusanya nguo Vienna wakazigawa, wakaleta matibabu, wakafundisha kuchora mikato ya nguo. Waliyoyajua waliyajua wakiwa wanahudumu. Ukiandika pendekezo la tasnifu yako, kabla ya msimamizi kukuuliza sampuli yako ni ya watu wangapi, jiulize watu hao watabaki na nini ukishaondoka.

Hatua ya 5: Ipende hesabu

Takwimu zitakutoa jasho. Vumilia, kwa sababu ndizo zitakazokupa nguvu za kumtetea mwombaji kazi anayeulizwa "tueleze kuhusu wewe" na jopo linalotafuta mtu wa kwao. Mapitio makubwa ya Paul Sackett na wenzake, yaliyotoka mwaka 2022, yaliuweka usaili wenye maswali yaliyopangwa, yanayofanana kwa kila mwombaji na kupimwa kwa kipimo kimoja, miongoni mwa njia bora kabisa za kutabiri nani ataifanya kazi vizuri. Kwa mtoto asiye na mjomba ofisini, habari hiyo ni mkate.

Hatua ya 6: Bosi akikuomba semina, omba ratiba ya zamu

Siku ya mazoezi kazini itafika. Meneja atakupokea kwa chai na maandazi, kisha atasema: "Watu wangu hawana ari. Waandalie semina ya motisha." Kunywa chai yake, ni heshima. Kisha uombe ratiba ya zamu. Nenda ukakae kaunta, wodini au getini, mchana na usiku. Hesabu ni mara ngapi muuguzi mmoja anaitwa na wagonjwa watatu kwa wakati mmoja, na mlinzi wa usiku anarudi tena zamu baada ya saa ngapi.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua uchovu wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa: mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi, na hujiona hafai. Halikuuita ugonjwa. Basi usikubali kumtibu mtu kwa kosa la ratiba. Mrudie meneja kwa adabu umwambie: "Mheshimiwa, ari wanayo. Kinachokosekana ni mtu wa pili wa zamu ya usiku."

Hatua ya 7: Rudi kwa shangazi

Umehitimu. Mletee zawadi, kaa tena jamvini, umweleze kwamba mwaka 1976 watafiti Hackman na Oldham walitaja mambo 5 yanayoifanya kazi imtie mtu ari: kutumia stadi mbalimbali, kuikamilisha kazi mwanzo hadi mwisho, kugusa maisha ya wengine, kuwa na uhuru wa kuamua, na kuona matokeo ya kazi yenyewe. Atasikiliza huku akigeuza samaki. Kisha atasema: "Ndiyo ile chumvi niliyokwambia."

Fungua daftari ukurasa wa kwanza umwonyeshe. Naye, akishafurahi, atakuuliza: "Na yule binti aliyebaki kule jikoni?"

Hapo usimtajie nadharia. Muulize binti huyo anaitwa nani, kesho mwende wote hotelini.