Nane mpaka moja: jiko lililochoka na taa ya kuliamsha

Watu wengi wakitaka kulirudishia jiko uhai huanzia kwenye makabati, wakaingia kwenye vigae, wakamaliza fedha, halafu siku ya mwisho mtu anatumwa dukani akachukue "taa yoyote tu". Hiyo taa yoyote tu ndiyo itakayoangaza kila kitu kilichogharamiwa. Kabati la mninga lililochongwa na mafundi wa Keko litaonekana la plastiki, na mchuzi wa nazi ya kukuna mwenyewe utaonekana wa jana. Mimi nasema tuigeuze foleni: taa ije mbele, makabati yasubiri. Tunahesabu kurudi chini, kutoka jambo dogo mpaka lile ambalo, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, ndilo la kununua. Ndugu zangu wauzaji wa Kariakoo wanivumilie, mengine yatagusa bidhaa zilizopangwa mlangoni.

8. Wavu wa dirisha

Taa ya kwanza ya jiko haili Luku, nayo ni jua. Tatizo ni wavu wa mbu. Unashika mvuke wa mafuta ya kukaangia, juu ya mafuta linakaa vumbi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mchana kweupe mtu anawasha balbu achambue mchele. Ung'oe, uloweke kwenye maji moto na sabuni ya vyombo, upige brashi laini, uanike. Vioo vya luva navyo vifutwe pande zote mbili. Ni kazi ya Jumamosi moja asubuhi, na jirani akikuuliza umepaka rangi lini, mwambie bei ya sabuni.

7. Dari

Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya watu wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na nyumba nyingi za mjini zimeshahamia kwenye mtungi wa gesi. Mkaa umeondoka, dari imebaki na kumbukumbu zake zote. Dari ya kahawia inameza mwanga. Dari nyeupe inaurudisha chini, na balbu ileile inafanya kazi zaidi bila wewe kuongeza hata wati moja.

Ila ioshwe kwanza. Maji moto, sabuni ya unga, sponji, kisha maji safi. Ikikauka ipigwe msasa, ipate praima ya mafuta, maana rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya masizi, lile doa la manjano hupenya likajitokeza upya. Umalizie na rangi nyeupe inayooshika. Fundi akikuambia, "Mama, tutaficha tu na koti mbili," mjibu kwa upole kwamba masizi hayajawahi kujifunza kujificha.

6. Vishikio vya makabati

Makabati yaliyo imara hayahitaji kung'olewa kwa sababu tu sura imechakaa. Badilisha vishikio, kaza bawaba, paka milango upya, na chumba kinabadilika. Jambo moja tu usilisahau: kabla ya kwenda dukani pima umbali kati ya tundu na tundu la kishikio cha zamani, katikati mpaka katikati. Mara nyingi ni milimita 96 au 128. Ukinunua kinacholingana, ni bisibisi tu inayofanya kazi. Ukinunua kwa macho, fundi atatoboa upya na kabati litakuwa na matundu mengi kuliko chujio la nazi.

5. Taa moja ya urembo

Nasema moja, na namaanisha moja. Chandelia ya vipande vya kioo ni nzuri sebuleni, lakini jikoni mvuke wa mafuta utakaa kwenye kila kipande, na kila kipande kitataka kuoshwa kwa mkono. Muulize atakayeosha kabla hujalipa.

Nipendacho mimi ni kazi ya ukindu. Wasukaji wa pwani wanaosuka kawa za kufunikia chakula, hasa Unguja na Pemba, ustadi huohuo unawapa vivuli vya taa vya kupendeza. Mwanga unapita kwenye nafasi za suko na kuchora vijistari ukutani. Iangalie kwa karibu kabla ya kununua: suko liwe limebana sawasawa, mshono wa ukingo usiwe umelegea, na fremu ya ndani iwe na nguvu ya kubeba holda bila kupinda. Ining'inizwe juu ya meza ya kula, sentimita 70 hadi 80 kutoka usoni pa meza, ili mwanga uangukie kwenye sahani bila kumchoma mtu machoni. Weka LED tu ndani yake. Balbu ya zamani ya waya wa kuwaka ilitumia sehemu kubwa ya umeme wake kutengeneza joto, na ukindu mkavu na joto si ndugu. Wala usiipeleke juu ya jiko la gesi, hata kama shemeji amesema hapo ndipo itakapopendeza kwenye picha.

4. Sumaku mfukoni

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, iwe Kigamboni, Tanga, Mombasa au Mji Mkongwe, upepo wa chumvi ni mgeni asiyeaga. Taa nyingi "za dhahabu" ni bati la chuma lililopakwa rangi nyembamba, na kutu huanzia kwenye skrubu, ikafuata ukingo, halafu siku moja ukiipangusa dhahabu inabaki kwenye kitambaa. Dawa yake ni sumaku ndogo. Iguse taa. Ikinata, chini ya rangi kuna chuma. Isiponata, huenda una shaba au alumini mkononi, na hizo zinaivumilia pwani vizuri zaidi. Muuzaji akikuambia ni shaba tupu na sumaku imenata, sumaku haina kamisheni.

Kwa taa ya karibu na sinki tafuta pia herufi IP. IP44 inavumilia maji ya kurukia kutoka pande zote. IP65 inazuia vumbi kabisa na kuvumilia maji ya kumwagiwa kwa mpira. Juu ya sinki 44 inatosha, ila kama jiko lako liko uani na mvua ya masika inalifikia, chukua 65.

3. Fundi, ethi na boksi

Taa ya chuma, shaba au alumini lazima iunganishwe na waya wa ethi, ule wa kijani na manjano. Bila waya huo, waya wa moto ukilegea na kugusa mwili wa taa, atakayepanda stuli kuipangusa ndiye atakayebeba umeme wa volti 230. Swichi nayo ikate waya wa moto, si nyutro. Taa itawaka hata mafundi wakikosea hapa, ndiyo maana kosa hili huishi miaka bila kugunduliwa. Muombe fundi aipime kwa testa mbele yako, na awe na leseni, EWURA kwa Tanzania Bara, ZURA kwa Zanzibar. Fundi anayepima umeme kwa mgongo wa kidole, mshukuru kwa ujasiri wake na umwite mwingine.

Kwenye boksi tafuta alama ya ubora, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na soma volti. Palipoandikwa 220–240 taa inafaa umeme ukiwa umetulia. Palipoandikwa 85–265 itavumilia pia zile jioni ambazo umeme unashuka mtaa mzima ukipasi nguo. Soma vilevile kama ni ya pini au ya kuzungusha. Safari ya pili dukani kwa ajili ya holda imeshagombanisha nyumba nyingi.

Na ile tyubu laiti ndefu inayopepesa juu ya mlango, ikifa usiirudishe. Ndani yake mna zebaki, na nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya taa za aina hiyo ifikapo 2027. Ishushe nzima, usiivunje.

2. Rangi ya mwanga, na kitunguu cha pilau

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo vuta kiti.

Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K. 2700K na 3000K ni mwanga wa joto wenye umanjano, 4000K ni mweupe uliotulia, na 6500K ni ule mweupe wa kibuluu uliojaa madukani kwetu, kwa sababu mteja akiwashiwa balbu mbili huiona hiyo ndiyo kali. Mimi nashika 4000K penye kazi na 3000K penye meza ya kula. Aliyezoea 6500K aijaribu wiki moja 4000K kabla hajanigombeza.

Namba ya pili imejificha ubavuni mwa boksi, CRI au Ra, na mwisho wake ni 100. Inakuambia taa inasema ukweli kiasi gani kuhusu rangi za vitu. Balbu nyingi za kawaida ni 80, nyingine hata chini ya hapo, na hazijisifu. Jikoni tafuta 90.

Sababu iko ndani ya balbu yenyewe. LED nyeupe huanza na mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu hiyo, kisha jicho likichanganya viwili hivyo linaona nyeupe. Ugunduzi wa LED ya buluu ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na walistahili. Lakini balbu ya bei ya chini huokoa gharama kwenye unga, na kinachopungua ni wekundu. Nyama mbichi inafifia, nyanya inachukua rangi ya tofali, na ngozi ya mgeni wako inapauka mpaka unamuuliza kama ana malaria.

Sasa mweke mpika pilau chini ya taa hiyo. Kitunguu kiko kwenye mafuta. Kimelainika, kimekuwa cha dhahabu, kingo zimeanza kahawia. Kati ya kahawia ya kutia thomu na tangawizi na kahawia ya kuungua ni nafasi ya kugeuka kuchukua bakuli, na alama ya kuangalia ni ule wekundu mdogo unaoingia kwenye kahawia. Balbu isiyo na wekundu inamficha alama. Pilau inatoka na uchungu, lawama anabeba mpishi, na balbu iko juu imetulia. Namtetea mpishi.

Basi nenda dukani na nyanya iliyoiva kwenye mkoba. Muuzaji atacheka, nawe cheka naye, kisha mwambie awashe balbu mbili uilinganishe chini ya kila moja. Tofauti utaiona papo hapo, naye ataiona, na pengine safari ijayo ataagiza zilizo bora. Halafu fungua kamera ya simu uielekeze kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi inatembea kwenye kioo, taa inapepesa hata kama jicho halioni, na kichwa kinaweza kukuuma ukichambua maharage jioni nzima. "Dada, hiyo kamera yako ndiyo mbovu." Sawa bosi, tutumie yako.

Usinunue wati, nunua lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni karibu 800, na LED nzuri inatoa hizohizo kwa wati 8 hadi 10. Boksi linalopiga kelele za wati na kunyamaza kuhusu lumeni, lirudishe rafuni.

1. Mwanga juu ya mikono yako

Balbu moja katikati ya dari ndiyo asili ya majiko mengi yaliyochoka. Meza ya kazi iko ukutani, taa iko mgongoni, na mpishi anakata vitunguu ndani ya kivuli chake mwenyewe. Kisu ni kikali, vidole ni vitano, na mwanga wote unaangaza sakafu.

Palipo na makabati ya juu, pitisha mkanda wa taa chini yake. Uwekwe ukingo wa mbele wa kabati, si nyuma ukutani, ili mwanga ushuke kwenye kibao cha kukatia na si kwenye vigae tu. Chukua wa volti 12 au 24 wenye adapta yake, na uukalishe ndani ya njia ya alumini yenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Alumini inaondoa joto linaloua LED mapema, na kifuniko kinafuta vile vidoti na kupanguswa kirahisi. Mita mbili za wati 10 kwa mita ni wati 20. Ukiuwasha kwa saa nne kila siku, mwezi mzima unakula uniti 2.4. Pasi ya kila asubuhi inaweza kula zaidi.

Pasipo na makabati ya juu, fundi atoboe dari ya jipsamu usawa wa ukingo wa mbele wa meza, karibu sentimita 60 kutoka ukutani kwa meza nyingi, aweke taa ndogo tatu badala ya kubwa moja. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa anunue za kuchaji za kubandika. Zinawaka hata umeme ukikatika, na hapo mwenye nyumba mwenyewe atakuja kuuliza umezinunua wapi.

Swichi ya taa hizi za kazi iwe peke yake, karibu na mlango. Usiku wa manane anayefuata maji ya kunywa atawasha hiyo tu, na aliyefuata vileja vya Eid mtamwona vizuri nyote.