Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani

KUH: BEI YA WASIWASI

Mabroka wa mbuzi wa soko la Ishiara, Mbeere Kaskazini, wanaisalimu Wizara na kuipongeza kwa subira yake. Wamesikia kwamba ukizungumza kwa upole na serikali inayoteka raia wake, uhuru utakuja wenyewe, polepole, bila mkubwa yeyote kukwazika. Wao hushinda juani wakivutana bei, kwa hiyo wameona si vibaya kuchangia utaalamu kidogo.

Waanze na uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Wapiga kura walijipanga nyuma ya mawakala na picha za wagombea, mchana kweupe, na kuna vituo ambako mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Broka huhesabu mbuzi wakiwa mbioni. Watu waliosimama wima wasingemshinda. Washington nayo ilikuwa na macho, ila tangu 1980 ilikuwa na mkataba wa kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Ndiyo maana hata Kifungu 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, hakikuvuruga urafiki.

Vita Baridi vilipoisha, sauti ikapatikana. Mei 1990 Balozi Smith Hempstone alitangaza kwamba misaada ingeelekea kwa nchi zinazolea demokrasia, na wakubwa wa chama tawala, KANU, wakamwona hana adabu. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliodai vyama vingi bila kinga ya ubalozi wowote, waliwekwa kizuizini Julai. Siku ya Saba Saba, Julai 7, waliokwenda kuandamana Kamukunji, Nairobi, walipigwa na damu ikamwagika. Oktoba Nairobi ikakata uhusiano na Norway kwa sababu ya kesi ya mpinzani Koigi wa Wamwere. Norway ililipia msimamo wake, na broka humheshimu anayelipa.

Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris, wakasimamisha misaada mipya kwa miezi 6. Desemba 3 KANU ilinyoosha mikono Kasarani. Desemba 10 Bunge likafuta 2A.

Wiki mbili tu! Mabroka hawasahau, hata hivyo, kwamba waliopigwa virungu Kamukunji ndio waliopandisha bei kabla Paris haijafika sokoni. Wala hawasahau kwamba Rais Moi alishinda 1992 kwa takriban asilimia 36 ya kura, na mwaka uliofuata mkoba wa wafadhili ukaanza kulegea.

Sasa Wizara ifungue faili ya 2024. Mei 23 Rais William Ruto alipokewa kwa heshima zote Washington. Juni 24 Kenya ikafanywa rasmi mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Kesho yake waandamanaji waliopinga Muswada wa Fedha waliingia Bunge, polisi wakafyatua risasi, ofisi ya chama tawala cha UDA mjini Embu ikateketezwa, na siku hiyohiyo kikosi cha polisi wa Kenya kikatua Haiti kwa kazi ambayo mfadhili wake mkuu alikuwa Washington. Balozi 13 za Magharibi zilitangaza kwamba zimeshtuka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliouawa. Desemba 21 kijana mmoja alitekwa mjini Embu akiwa kwa kinyozi, akarudi nyumbani Januari 6, 2025. Ule ushirika mkuu haukupunguzwa hata chembe kwa ajili yake.

Kwa hiyo mabroka wanaomba jambo moja. Taarifa ijayo yenye neno "wasiwasi" ije na bei na tarehe: ni msaada gani wa polisi utakaosimama, kuanzia lini, hadi nani afikishwe mahakamani. Kama bei haipo, Wizara iandike tu kwamba ilihitaji askari wa kwenda Haiti. Biashara wanaielewa.

Jibu litumwe kupitia kwa chifu, siku ya soko. Siku nyingine wako vijijini wakinunua mbuzi.