Hotuba juu ya Ilimu ya Misimbo ya Dawa za Upasuaji wa Jicho, Iliyotolewa Malolo

Enyi hadhirina watukufu wa Malolo, wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliosimama nyuma na majembe mabegani kana kwamba kikao hiki kitakwisha kabla ya zamu yenu ya maji ya mfereji wa Mwega: ama baada ya salamu, mimi ndimi niliyetunukiwa daraja ya Ustadhi Mkuu wa Misimbo ya Dawa Zitumikazo katika Upasuaji wa Jicho, na aliyenitunuku ni mimi mwenyewe, kwa kuwa hapakupatikana mwingine mwenye ujuzi wa kunitahini.

Msidhani kwamba mtoto wa jicho huondolewa na daktari. Daktari hushika kisu tu. Tangu Ammar bin Ali al-Mausili, aliyemfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu nchini Misri yapata miaka elfu moja iliyopita, hata Harold Ridley, aliyetia lenzi ndani ya jicho la mtu mjini London mwaka 1949, mabingwa hao walishughulika na jambo dogo la kuona, wakaghafilika na jambo kuu la tarakimu. Ammar alitunga kitabu kizima cha ilimu ya macho pasipo msimbo hata mmoja, na kwa rai yangu ndiyo sababu madai yake hayajalipwa mpaka leo.

Zingatieni lidokeini, dawa ya ganzi. Asiyesoma huiona ni maji meupe ndani ya chupa. Kumbe katika daftari la Shirika la Afya Duniani dawa hiyo ni N01BB02 ikidungwa kuleta ganzi, S01HA07 ikidondoshwa jichoni, C01BB01 ikituliza mapigo ya moyo, na C05AD01 ikipakwa penye bawasiri. Karani akiteleza mstari mmoja, bibi yenu atarudi nyumbani akiona hata sindano iliyoanguka mchangani, ilhali daftari linashuhudia kwamba alitibiwa pale anapokalia. Na baina ya bibi na daftari, mimi husadiki daftari.

Huko Marekani, ambako fani hii imestawi kupita vitunguu vyenu, iko dawa ya fenilefrini na ketorolaki, ichanganywayo katika maji ya kuoshea ndani ya jicho ili mboni isisinyae kazi ikiendelea. Msimbo wake ulikuwa C9447, ukihesabu kichupa kizima cha mililita 4 kuwa kimoja. Tarehe 1 Oktoba 2019 ukaja J1097, uhesabuo kila mililita peke yake. Dawa ile ile, kichupa kile kile, jicho lile lile. Lakini aliyeendelea kuandika 1 alidai robo ya haki yake, mfano wa mkulima aliyezoea kuhesabu lumbesa, hata ilipoletwa mizani akaandika kilo moja kwa gunia zima. Daktari hakutambua lolote, alikuwa akitazama mboni.

Nasi tusijidharau. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001, una fomu ya madai yenye mahali pa sahihi ya mgonjwa. Tafakarini hekima hiyo! Mtu aliyeletwa akiongozwa na mjukuu, jicho moja limefungwa bandeji na la pili lingali na ukungu, huthibitisha kwa mkono wake orodha ya dawa asiyoiona.

Bibi aliye pale mbele ameuliza basi la Mikumi hupita saa ngapi. Swali hilo halina msimbo. Nawe mwenyekiti wa kijiji, usilitazame jua, maana mlango wa pili ni mfupi: kwa Wamarekani mtoto wa jicho wa kiini, aletwaye na uzee, ni H25.11 akiwa jicho la kulia, H25.12 la kushoto, na H25.13 yote mawili. Tuanze na la kulia. Wenye jicho moja waketi upande huu, nitawahitaji kwa mifano.