Mwongozo wa Kuchagua Mtindo wa Kushambulia, kwa Anayejua Atafungwa

Ndugu yangu, sogea karibu, maana haya hayasemwi mbele za watu. Huendi kibanda cha gemu kushinda. Wa kushinda pale ni yule dogo wa kandambili aliyeshika pedi tangu asubuhi, asiye na duka, asiye na darasa, asiye na mtu wa kumuuliza alikuwa wapi. Wewe umetoka dukani Mtaa wa Kongo ukaaga kuwa unatafuta chenji. Au umetoka chuo, pale IFM, mwalimu kaahirisha kipindi, ukaipa mgongo Magogoni na upepo wake, ukakatiza Mnazi Mmoja, ukaingia Kariakoo kwenye chumba chenye feni moja na watu kumi na wawili.

Utafungwa. Kilichobaki ni kuamua utafungwa ukiwa nani.

Wengi hudhani mtindo wa kushambulia huchaguliwa ili kupata mabao. Hao ndio wanaolipa kila siku huku wamenuna. Mtindo ni utetezi unaouandaa kabla kesi haijafunguliwa. Fuata hatua hizi, na hata ukipigwa sita utatoka mle ndani shingo imenyooka.

Hatua ya 1: Chukua timu yenye hadithi

Mkono utakuwasha umchukue Mbappé. Uzuie. Kasi yake iliandikwa 97 kwenye FIFA 22, ikabaki 97 kwenye FIFA 23, na hata gemu lilipobadilishwa jina mwaka 2023 likawa EA Sports FC (kibandani bado ni FIFA, usijitie ujuaji) hakuna aliyempunguzia mbio. Sasa ukifungwa ukiwa naye, utasema nini? Kwamba alichoka?

Chukua timu ya kati ambayo moyo unaweza kuitetea. Januari 2020 Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa, nchi nzima ilihamia Villa. Tarehe 1 Machi akafunga kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa wakalala 2–1, na huku kwetu watu wakatembea kama washindi. Jifunze hapo. Aliyeichukua Villa msimu ule akapigwa tano hakuitwa mbovu, aliitwa mzalendo. Aliyemfunga ndiye aliyetazamwa kwa jicho la pembeni.

Hatua ya 2: Gombana na pedi mapema

Ukikabidhiwa pedi, igeuze, ibonyezebonyeze, kisha guna. Uliza kwa upole: "Kaka, hii si ndiyo ile ya jana?" Hata kama jana hukufika. Ila usiombe nyingine. Ukibadilishiwa, umeua ushahidi wako mwenyewe.

Halafu tangaza kuwa wewe ni mtu wa Konami. Kwenye gemu za Konami kama PES, mraba ndio shuti na duara ndio mpira wa juu. Kwenye FIFA duara ndio shuti na mraba ndio krosi. Sehemu ya kubadilisha vitufe ipo na haichukui hata dakika. Usiiguse. Utakapobaki wewe na kipa, ukapiga krosi ikatoka nje, tikisa kichwa useme: "Mimi nimekulia PES." Kama kuna mtu mzima humo ndani, mtajie Adriano wa Inter kwenye PES 6, yule wa mguu wa kushoto wenye nguvu za shuti 99. Umeshapata shahidi hadi mwisho wa mechi.

Hatua ya 3: Sasa chagua mtindo

eFootball, iliyorithi nafasi ya PES mwaka 2021 na inayochezwa bure hata kwenye simu, imeigawa mitindo ya timu mafungu matano: kumiliki mpira, kaunta ya haraka, kaunta ya mpira mrefu, kupitia pembeni na mpira mrefu. Kaunta zote mbili zina kisingizio kimoja, kwa hiyo nakupa minne.

*Kumiliki mpira.* Huu ni wa msomi. Pasi fupi, kampa kampa tena, rudisha kwa kipa, anza upya. Usijisumbue kufika golini. Lengo lako ni ule ukurasa wa takwimu unaotokea wakati wa mapumziko. Ukiona asilimia zimeegemea kwako, toa simu, piga picha. Mtu akikuletea habari ya 4–0, mwoneshe picha, kisha mkumbushe kuwa Novemba 2012 Barcelona walizungusha mpira usiku mzima kule Glasgow na Celtic wakawafunga 2–1. Hapo hujafungwa. Umeonewa na historia.

*Kaunta.* Huu ni wa mtu mzima mwenye siri. Paki basi, ngoja, rusha mpira nyuma ya mabeki, kimbiza. Uzuri wake ni kwamba kwa dakika themanini hakuna anayejua kama unasubiri au umezidiwa. Wewe pia huna haja ya kujua. Mfano wa kuutaja ni Inter ya Mourinho, Aprili 2010: walicheza Camp Nou wakiwa kumi baada ya Thiago Motta kutolewa, wakafungwa 1–0, na bado wakaenda fainali. Usitaje kuwa mechi ya kwanza walishinda 3–1. Wewe mechi ya kwanza hukucheza.

*Kupitia pembeni.* Kariakoo mtindo huu hauhitaji mwalimu. Winga wa Mtaa wa Kongo anamdaka mteja barabarani, anampitisha uchochoro huu na ule, anamfikisha mlangoni kwa mwenye duka, na mauzo yakikwama si yeye aliyekataa kupunguza bei. Nawe fanya hivyo hivyo. Kimbia na mpira hadi kibendera cha kona, piga krosi, kisha mgeukie aliyekaa jirani: "Umeiona ile krosi? Sasa straika yuko wapi?" Straika unamwendesha wewe, lakini hilo halimjii mtu akilini haraka hivyo.

*Mpira mrefu.* Huu ni wa mtu mnyenyekevu, au mwenye haraka ya kurudi dukani. Butua, fuata, butua tena. Hauna heshima, na hapo ndipo faida yake ilipo: hakuna anayekutarajia. Ukipata bao moja tu la kubahatisha, kibanda kizima kitasimama kukushangilia, wakati mwenzako aliyefunga matano kwa pasi ishirini hapati hata kofi. Ukiambiwa huo si mpira, jibu kuwa hukuja kucheza mpira, umekuja kucheza gemu.

Hatua ya 4: Utangaze kwa sauti, kisha leta mfano wa mbali

Mtindo usiotangazwa haukusaidii. Kabla ya filimbi sema: "Leo nacheza pira biriani." Kila mtu atacheka, na kicheko ni mkopo usiolipwa. Tangu hapo kila pasi utakayopoteza itahesabiwa kuwa sehemu ya mapishi.

Wakianza kukubishia, kimbilia Marekani. Hakuna atakayekufuata huko. Waambie kuna gemu la mpira wao wa kofia linaloitwa College Football 25, lililotoka Julai 2024 baada ya mfululizo huo kusimama tangu toleo lililotoka 2013, na kwamba ndani yake kuna vyuo 134 na kila mchezaji anaanza kwa kuumiza kichwa ashambulie vipi. Wataje Hal Mumme na Mike Leach, makocha waliojenga mtindo wa Air Raid katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980: rusha mpira mbele, ukikosa, rusha tena.

Kisha ushushe sauti uwape ule mwingine, option, unaopendwa na vyuo vya kijeshi vya Army na Navy. Mwenye mpira anakimbia nao, anamtazama beki usoni, na dakika ile ya mwisho kabisa anaamua abaki nao au ampe mwenzake. Wanajeshi hao huutumia kwa sababu mara nyingi hawana vijana wakubwa kama wa vyuo tajiri, kwa hiyo wametafuta mtindo unaouficha upungufu. Umesikia hapo? Watu wanaofundishwa vita, wenye bendera na magwanda, wanachagua mtindo kwa kuangalia wasichonacho. Wewe wa pedi unaona haya ya nini?

Hatua ya 5: Ukifungwa manne, washa Simba na Yanga

Hii ndiyo dawa kali kuliko zote, kwa hiyo usiinywe mapema. Ngoja hadi bao la nne liingie na macho yote yawe kwenye skrini. Hapo, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, taja tarehe moja.

Kibanda kikiwa na watu wengi wa Jangwani, yaani Yanga, sema "5 Novemba 2023." Yanga 5, Simba 1, na siku chache baadaye kocha Robertinho hakuwa tena kazini. Kikiwa na watu wengi wa Msimbazi, yaani Simba, sema "6 Mei 2012." Simba 5, Yanga 0. Pande zikilingana, taja tarehe zote mbili, kisha egemea ukuta.

Kitakachofuata hakikuhusu tena. Mmoja atasimama kwenye benchi, mwingine atamtaja refa, mwenye kibanda mwenyewe ataacha kuhesabu hela aje kutoa ushahidi wa mwaka 1977, Simba walipoifunga Yanga sita. Dogo wa kandambili naye ana timu yake, naye ana damu, atageuza shingo. Hapo piga shuti. Hata likikosa, hakuna aliyeliona. Umeme ukikatika katikati ya ubishi huo, nyoosha mikono juu, shukuru, na useme ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuamka.

Hatua ya 6: Filimbi ikilia, lishitaki gemu

Usimlaumu mpinzani; utaonekana mdogo. Usijilaumu, utaaminiwa. Laumu gemu. Sema limepangwa, kwamba likiona unashinda linawapa mabeki wako miguu ya udongo.

Wakikucheka, waambie hoja hiyo imewahi kufika mahakamani. Mwaka 2020 wachezaji huko California waliishitaki EA, wakidai kuwa gemu lina mtambo wa siri wa kurekebisha ugumu mechi ikiwa inaendelea. Ishia hapo. Usiendelee kusimulia kwamba kampuni ilikana, ikawaonesha walalamikaji jinsi gemu linavyofanya kazi, na mwaka 2021 wakaiondoa kesi wenyewe. Mwongo mzuri hasemi uongo, anajua mahali pa kunyamaza.

Lipa hela ya mechi bila kuulizwa. Aliyefungwa ndiye anayelipa, huo ni utaratibu, lakini lipa kama mtu aliyekuwa anawanunulia watu chai. Mtindo uliokuangusha leo kesho usiurudie. Simba walipopigwa tano walibadilisha kocha. Kocha wa timu yako ni wewe, na huwezi kujifukuza. Fukuza mtindo. Kesho ingia na mwingine, useme bado unaujaribu. Anayejaribu hafungwi, anajifunza.

Hatua ya 7: Ukishinda kwa bahati mbaya

Hutokea. Dogo kapigiwa simu na mama yake, beki wake kajifunga, umejikuta 1–0 na filimbi imelia. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu hawakuwa wameandaa utetezi wa ushindi.

Usishangilie. Anayeshangilia anakiri kuwa hakutegemea. Weka pedi chini taratibu, vuta kola, sema: "Leo sikuwa vizuri." Chumba kitanyamaza, kila mmoja akijiuliza ukiwa vizuri inakuwaje.

Lakini usikae. Utaratibu unasema aliyeshinda anabaki kwenye kiti, na nyuma yako wameshapanga foleni watu watano waliokereka, wa kwanza wao akiwa dogo yule yule. Una kama nusu dakika. Chomoa simu, iweke sikioni, kunja uso. "Naam bosi. Limetoka? Kontena lote? Nakuja sasa hivi."

Kariakoo mtu anaweza kutilia shaka ndoa yako, elimu yako na timu yako, lakini hakuna atakayekuzuia ukisema mzigo umetoka bandarini. Watakupisha hadi mlangoni. Ukifika nje, kata kulia, ongeza mwendo, na kibanda hicho usikikanyage tena hadi mwezi uishe. Siku ukirudi, utakuta wanakuita fundi.